Fundi Saa na Hadithi za Mkewe

Kwa miaka kumi na miwili fundi saa ndiye aliyekuwa mwalimu wa watoto pale kanisani, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Alifundisha kama alivyotengeneza saa, kila kitu mahali pake. Jumamosi, akishafunga kibanda chake, alikaa mezani na daftari akaandika nani alikuwa mfalme wakati ule, mji huu ulikuwa mbali kiasi gani na mji ule, safari ilichukua siku ngapi kwa miguu. Jumapili alisimama mbele ya watoto thelathini na kuwasomea, nao wakakaa kimya. Ukimya ule yeye aliuita usikivu. Hakujua kwamba wengine walikuwa wanahesabu vigae vya sakafu.

Mkewe alifanya kazi ya kufua hospitalini. Shuka, mablanketi, makoti ya madaktari, vyote vilipita mikononi mwake, na alirudi nyumbani vidole vimekunjamana kwa maji, ananukia sabuni. Kwa kuwa walijaliwa mabinti mapacha, sasa wana miaka tisa, watu wote walimwita Mama Pacha. Alikuwa na maneno mengi jikoni na machache kanisani, na mumewe alidhani ndivyo Mungu alivyompangia.

Basi, mwaka huo wa kumi na mbili mwalimu akashikwa na mafua ya kukata na shoka. Sauti ikakauka kabisa, akawa anakwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Jumamosi jioni akamwandikia mkewe karatasi nzima, mbele na nyuma, ya yale atakayowaambia watoto, na Jumapili akaenda kukaa benchi la nyuma, shingo imefungwa skafu, ahakikishe mambo yanakwenda sawa.

Somo lilikuwa la yule mtu asiyeweza kutembea, ambaye rafiki zake walitoboa paa wakamshusha mbele ya Yesu. Mama Pacha akaitazama karatasi, akaikunja, akaitia mkobani.

"Haya, watoto," akasema, "hivi ile nyumba ilikuwa ya nani?"

Watoto wakatazamana. Swali hilo hawakuwahi kuulizwa.

"Mimi nawaambia, mwenye nyumba alikuwa na mke. Na huyo mke asubuhi ile ndiyo kwanza ametoka kufagia. Watu wamejaa sebuleni mpaka madirishani, yeye amebanwa kwenye kona, mtoto mgongoni. Mara, pu! Udongo kichwani. Anatazama juu, anaona mguu wa mtu. 'Jamani! Nani huyo juu ya paa langu?'"

Watoto wakavunjika mbavu. Akawaacha wacheke mpaka waishiwe, kisha akashusha sauti. Akaeleza jinsi mkeka ulivyoshuka taratibu, unayumba, na juu yake mtu ambaye tangu azaliwe hajafika mahali popote kwa miguu yake. Akaeleza jinsi yule mama wa nyumba alivyoiona sura ya yule mtu, na ugomvi wa paa ukamwishia mdomoni. Mtoto mmoja wa mbele, ambaye kawaida yake ni kuwafinya wenzake, alikuwa ameacha mdomo wazi.

Fundi saa alijivunia mkewe kwa muda wa dakika mbili hivi. Baada ya hapo kitu kingine kikaingia kifuani, kidogo, kikali, kama chembe ya mchanga ndani ya mashine. Hakukipa jina. Alijiambia tu kwamba hakuna mahali palipoandikwa "tangu azaliwe".

Jumapili iliyofuata sauti ilikuwa imerudi. Akaingia darasani na daftari lake, akafungua, akakohoa.

"Mwalimu," akauliza yule mfinyaji, "Mama Pacha haji leo?"

"Leo nipo mimi."

"Aa," akasema mtoto, na ile "aa" yake ilikuwa ndefu.

Nyumbani nako mambo yaligeuka. Walikuwa na desturi ya sala kila baada ya chakula cha jioni. Baba anasoma Maandiko, anaeleza, wanaomba. Sasa mapacha wakawa wanasubiri amalize tu, kisha wanamgeukia mama yao. "Mama, tusimulie na wewe." Hata Bibi, mama mzazi wa fundi saa, aliyeishi nao na ambaye macho yalikuwa yamempungua nguvu, naye akaanza. Huyu Bibi alimsikiliza mwanawe akisoma kwa miaka yote hiyo na hakuwahi kusema zaidi ya "amina". Jioni moja akanyoosha mkono akamshika mkwewe goti.

"Hebu nisimulie tena ile ya mwenye paa, mama. Pale anapotazama juu."

Roho ilimuuma fundi saa. Ilimuuma hasa. Mama yake mwenyewe!

Mama Pacha akasimulia. Alipofika pale kwenye mkeka, mumewe akadakia.

"Haijaandikwa hivyo."

"Nini, Baba Pacha?"

"'Tangu azaliwe.' Haijaandikwa. Wala mke wa mwenye nyumba hajaandikwa. Unaongeza chumvi kwenye Neno la Mungu mbele ya watoto."

Mama Pacha akainamisha kichwa. "Nisamehe," akasema. "Sikufikiria." Akamalizia kisa kwa maneno mawili matatu, wakaomba, wakalala.

Tangu jioni hiyo mumewe alimsahihisha mara nne au tano. Kila mara alitumia sauti ya upole, sauti ya mtu anayelinda kitu kitakatifu, na kila mara mkewe alisema nisamehe. Mwisho akaacha kusimulia kabisa. Mapacha wakimwomba, alisema amechoka. Fundi saa akajisikia ameshinda, ingawa angeulizwa ameshinda nini, asingejua la kujibu.

Ikafika Jumatatu moja, Mchungaji akapita kibandani. Alileta saa yake ya mkononi, mkanda umekatika, akaegemea kaunta wakati fundi akitafuta pini ya kuushikizia.

"Fundi, nina habari njema. Kuna redio wanatafuta mtu wa kuwasimulia watoto visa vya Maandiko kila Jumamosi asubuhi. Nimemtaja mkeo. Watu hawajaacha kuniambia siku ile alivyosimulia."

Pini ikamponyoka fundi, ikaingia chini ya meza. Akainama kuitafuta, na akashukuru kwamba amepata sababu ya kuinama.

"Wanamtaka Alhamisi, saa nane mchana, wamsikie sauti," Mchungaji akaendelea. "Nilitaka kumwambia mwenyewe, lakini nikipiga yuko zamu, simu haipokelewi. Mfikishie."

"Nitamwambia, Mchungaji."

"Usisahau, tafadhali."

"Mimi ni fundi saa. Nitasahauje saa?"

Wakacheka wote wawili.

Jioni ile alimkuta mkewe jikoni anapakua. Maneno yalikuwa yamemfika kooni, na yalikuwa mepesi tu. Akamwona jinsi atakavyogeuka, atakavyoshika kifua kwa furaha. Akaisikia sauti yake ikitoka redioni Jumamosi asubuhi, nyumba hata nyumba, na yeye kibandani anabadilisha betri huku wateja wakisema, kumbe yule ni mkeo?

"Mama Pacha."

"Abee."

"Mboga imezidi chumvi."

Haikuwa imezidi. Mama Pacha akaionja, akashangaa, lakini akasema atapunguza kesho.

Jumanne ikapita. Jumatano pia. Fundi saa alijitungia sababu, na zote zilikuwa na sura ya dini. Mkewe angeingiwa na majivuno. Mapacha wangekosa malezi. Watu wa redio wangemzoesha kuongeza chumvi zaidi. Alhamisi, kibandani, saa zote za ukutani zilifika nane, na zile zenye kengele zikalia moja baada ya nyingine. Yeye alikuwa ameweka lenzi jichoni, ameshika kibano, anatazama springi ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Alitazama mpaka kengele zikanyamaza.

Ijumaa Mchungaji akapiga simu. "Mbona hakwenda?"

"Zamu, Mchungaji. Alibanwa."

Kwanza alinyamaza, sasa amedanganya, na amemdanganya mchungaji wake. Akakata simu, akarudi kwenye springi ile ile isiyo na kasoro.

Yakafichuka Jumapili, baada ya ibada, nje ya mlango wa kanisa. Mke wa Mchungaji alimshika Mama Pacha bega. "Pole, dada, kwa kukosa ile nafasi ya redio, Alhamisi saa nane. Kazi hizi! Wangekusogezea hata siku moja, lakini ndiyo hivyo, wameshapata mwingine."

Mama Pacha hakuuliza redio gani. Aligeuza uso, akamtafuta mumewe kwenye umati, akampata amesimama na wazee wa kanisa. Alimtazama mara moja tu. "Ahsante, dada," akasema.

Walirudi nyumbani wanatembea sambamba, mapacha wakiwa mbele wanarukaruka. Akapika, akapakua, wakala. Baada ya chakula akawapeleka mabinti chumbani kwa Bibi, akatoka uani kuanua nguo. Fundi saa akamfuata.

"Alhamisi saa nane," mkewe akasema bila kugeuka, "nilikuwa hapa hapa, nawasuka mapacha nywele."

"Nilisahau."

Mama Pacha akatoa pini kwenye kamba, akakunja shati, akaliweka kwenye beseni. Akatoa nyingine.

"Sikusahau," akasema fundi saa. "Nilikuonea wivu. Tangu siku ile ya kwanza. Watoto walivyocheka. Halafu Mama naye..."

Ndipo mkewe alipogeuka. Alikuwa analia, lakini sauti yake haikuyumba.

"Unajua nilifanya nini uliponiambia haijaandikwa? Nilirudi kwenye Maandiko, nikasoma sura nzima, neno kwa neno, pale jikoni, nalia. Nilijua nimemkosea Mungu. Nikaacha kuwasimulia watoto wangu mwenyewe, Baba Pacha. Watoto niliowazaa! Kumbe Mungu sikumkosea. Nilikukosea wewe."

Fundi saa alifungua mdomo.

"Usimjibu!" ikatoka sauti dirishani. Alikuwa Bibi. "Macho ndiyo yamekwisha, mwanangu, masikio ninayo. Vaa viatu uende kwa Mchungaji."

Akavaa viatu akaenda. Lilikuwa jua kali la mchana, watu wanapumzika barazani, wanamsalimu, "Mwalimu, habari za ibada?" naye anaitikia njema. Kwa Mchungaji alikaribishwa kiti na chai, na kiti hakukitaka. Alisema yote akiwa amesimama, tangu skafu mpaka simu ya Ijumaa. Mchungaji alisikiliza, uso umemshuka.

"Nilikuwa nakusifu kwa watu," akasema mwishowe. "Nampigia mtu wa redio sasa hivi. Utamwambia wewe."

Fundi akashika simu akamwambia mtu asiyemjua kwamba mkewe hakupewa ujumbe, na aliyeuzuia ni yeye. Yule mtu akasema anashukuru kwa ukweli, lakini nafasi imeshachukuliwa, na haitafunguliwa tena karibuni.

"Na darasa naliacha," akasema fundi saa akirudisha simu. "Apewe yeye."

"Hilo umuulize mwenyewe," Mchungaji akajibu. "Usimgawie."

Alimuuliza, na Mama Pacha akakataa. "Sitaki kitu unachonipa kwa sababu unajisikia vibaya," akasema. "Siku nikikitaka nitakisema." Kwa hiyo darasa likashikwa na mke wa Mchungaji Jumapili tatu mfululizo. Nyumbani sala iliendelea. Jioni moja fundi saa alisoma, akakifunga Kitabu, na badala ya kueleza akasema mbele ya mama yake na mabinti kwamba alimsahihisha mama yao kwa ubaya na si kwa ajili ya Mungu. Mapacha wakatazamana. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo yule mke wa mwenye nyumba yupo au hayupo?"

"Hajaandikwa," akasema fundi saa. "Lakini nyumba ilikuwa na mwenyewe, na sakafu ilifagiwa na mtu."

Mkewe hakucheka, ila alimtazama, jambo ambalo kwa siku kadhaa hakuwa amelifanya.

Jumamosi ya nne alikuja kibandani akitoka zamu, mikono yake imekunjamana. Hakuwa amekanyaga pale tangu yafichuke. Akasimama mbele ya kaunta kama mteja.

"Yule mjane mgeni wa kwenye Maandiko, aliyemfuata mama mkwe wake kurudi kwao," akasema. "Walitembea siku ngapi?"

Fundi saa akatoa lenzi jichoni. Akafikiri vizuri, kwa kuwa swali lilistahili. "Mtu mwenye nguvu zake, siku nne hivi. Wao, na yule mama ni mzee, saba. Labda kumi, kama miguu inamuuma. Halafu kuna mteremko mkali mpaka mtoni, na ng'ambo ni kupanda tu."

"Miguu inamuuma," akasema Mama Pacha, akaondoka.

Kesho yake, kwa ombi lake mwenyewe, alisimama mbele ya watoto. Mumewe hakukaa benchi la nyuma safari hii. Nafasi haikuwepo, watoto walikuwa wameleta hadi majirani, akajibana kwenye benchi fupi la watoto katikati yao, magoti yakimfika kidevuni. Mkewe akawashusha wale wanawake wawili kwenye mteremko, mkwe anamshika mama mkono, mama ananung'unika kila hatua kama mama mkwe yeyote mwenye miguu inayouma, na watoto wakaangua kicheko.

Kikaja. Kile kitu kidogo kikali kikaingia kifuani palepale, hata hakikuchelewa. Fundi saa alitegemea kimekwisha, na sasa akaona hakijakwisha, na pengine hakitaisha mwaka huu. Akakitaja moyoni kwa jina lake. Bwana, wivu huu hapa tena, akasema, nishike. Akaendelea kukaa.

Kidole kikamdunga mgongoni.

"Mwalimu," akanong'ona yule mfinyaji, "kichwa chako kikubwa. Hatumwoni."

Fundi saa akateremka kutoka kwenye benchi, akakaa sakafuni.