Kifungu Kilichopigwa Randa

Kwaruu. Kwaruu. Kwaruu.

Sauti ya randa ilimfikia Msasa akiwa bado uani, naye akajua huo si ubao mbichi. Ulilalamika kama mzee anayenyolewa ndevu bila maji. Akaingia karakanani mbio. Mjomba wake, mwenyekiti wa mafundi, alikuwa ameishusha katiba kutoka ukutani, ameibana kwenye jiliwa, anaipiga randa.

Vyama vingine huandika katiba kwenye karatasi. Mafundi hawa waliichonga kwenye ubao, na sasa kifungu cha nne kilikuwa maranda sakafuni.

"Mjomba! Unafanya nini?"

"Narekebisha katiba."

"Kwa randa?"

"Ulitaka nitumie kijiko?"

Kifungu hicho kilisema ahadi ya mwenyekiti humfunga kama ya fundi yeyote. Na ahadi ilikuwepo. Mjomba alimwambia Msasa, binti wa dada yake: maliza kabati la mkunga, meza ya dirishani ni yako. Kabati likaisha, mkunga akaondoka nalo akichekelea. Jana yake mjomba akamwahidi mkwewe, fundi aliyemwoa binti yake, meza ileile. Kwa Msasa, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, hapo dirishani ndipo palipokuwa na mwanga wa kuchongea nakshi. Akiikosa, atabaki mlangoni akilainisha kazi za wenzake.

Akawaita mafundi wote, na mjomba akakalia kiti chake cha uenyekiti.

"Mkataba si lazima karatasi," alisema. "Mjomba alitoa pendekezo, nikalikubali. Mimi nitoe jasho, yeye atoe meza. Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyelaghaiwa, na hatukuwa tunataniana. Kimepungua nini?"

"Heshima," alisema mjomba.

"Hiyo nakupa bure kila siku. Wewe shemeji, ulitoa nini?"

Mkwe alijikuna shingo. "Nilimwambia, 'Asante, baba.'"

Karakana nzima ikacheka.

"Halafu katiba haibadilishwi na mtu mmoja. Kifungu cha mwisho kinataka theluthi mbili ya mafundi."

"Hicho nilikuwa sijakifikia," alisema mjomba.

"Ungekifikia tu!"

"Basi. Mimi kama mwenyekiti, naamua kwamba..."

"Huamui kesi yako mwenyewe, Mjomba. Teremka kitini."

Mjomba akateremka huku akinung'unika, akaenda kukalia kopo la vanishi. Kiti kikachukuliwa na Gundi, fundi mkongwe ambaye akishakaa mahali habanduki.

"Mwanangu," Gundi alimwambia Msasa, "katiba iko juu ya mwenyekiti. Nakubali. Sasa niambie, ile meza ni ya nani?"

"Ya mafundi wote."

"Na nani hugawa meza?"

Msasa akautupia jicho ubao. Alikijua kifungu cha pili. "Mkutano."

"Basi mjomba wako alikuahidi kisicho chake. Mkataba unaokwenda kinyume na katiba haushiki, hata ukiupaka mimi mwenyewe."

"Ahaa!" mjomba aliruka.

"Kaa chini. Hata kwa mkweo haukushika."

Msasa alitazama dirisha, kisha mlango, machozi yakimlengalenga.

"Lakini jasho lake lilikuwa la kweli," Gundi aliendelea. "Na mkutano si ndio huu? Nani anataka meza iende kwa Msasa?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa shemeji. "Mimi natengeneza stuli," alisema. "Hata gizani natengeneza."

Mikono mingine ikafuata. Wa mjomba ulipanda mwisho, polepole.

"Mbona umechelewa?" Msasa aliuliza, akifuta macho kwa kiganja.

"Mkono umechoka kupiga randa."

"Na kifungu ulichokila?"

Mjomba akainuka kwenye kopo, akakung'uta maranda kifuani, akamkabili mpwa wake.

"Haya, mama, na nyote msikie. Kifungu nitakichonga upya kwa mkono wangu, tena kiingie ndani kabisa. Na cha wote sitamwahidi mtu tena kabla sijawauliza. Naahidi."