Yuko Nyuma Yako, Lachie

Kaka yangu Lachie Purdie alivaa gauni kila Krismasi tangu ujana wake, na katika Glasgow nzima hakuna aliyeuona uanaume wake umepungua. Gauni lenyewe nilimshonea mimi, kubwa kama hema, na kifuani nikajaza matambara. Alianzia kiwanda cha meli pale Mto Clyde, akipigilia misumari ya chuma na kumwigiza msimamizi mpaka wenzake wanaangusha nyundo. Siku msimamizi alipomfumania alimwambia aende akalipwe kwa upuuzi huo, hapa anawapotezea watu wakati. Akaenda kweli kwenye ukumbi wa michezo, na akalipwa.

Mchezo wa Krismasi kwetu una desturi yake. Bibi mwenye gauni, ambaye daima ni mwanamume na kwetu alikuwa Lachie, anakaa anamenya viazi, jambazi ananyemelea nyuma yake, naye haoni. Hapo wazee kwa watoto wanapaza sauti, "Yuko nyuma yako!" Bibi anageuka, jambazi kashajificha. Anawaambia nyie waongo wakubwa, nao wanapiga kelele zaidi. Wa kwanza kupiga kelele, mwaka nenda mwaka rudi, alikuwa mama yetu, kwenye kiti kile kile cha ghorofani mwa ukumbi, mfuko wa peremende mapajani.

Alipoanza kuota mvi, Lachie akautaka mchezo wa huzuni. Ilikuwa tamthilia mpya, habari ya mzee mmoja aliyemfukuza mwanawe wa pekee, akabaki na kiburi chake ndani ya nyumba. Mwenye ukumbi, Bwana Strachan, akamwambia wazi kwamba watu wakimwona tu watacheka. Wakicheka siku ya kwanza, mchezo unaondolewa, naye atarudi kwenye gauni mpaka kaburini. Lachie akalikubali sharti. Nyumbani hata supu ikamshinda.

"Kwani kuchekesha watu ni ugonjwa, unatafuta dawa?" mama akamuuliza.

"Si ugonjwa, mama. Ila kuna kingine humu ndani, sijawahi kukitoa."

"Basi kitoe. Lakini tumbo tupu halitoi kitu. Kula."

Siku ikafika. Lachie akaingia jukwaani na kofia ya kazi na koti lililochakaa, na kabla hajafumbua mdomo watu wakaanza kucheka. Akavua buti, wakacheka. Mmoja wa kule chini akamuuliza gauni kaliacha kwa dobi gani. Bwana Strachan alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri basi lake lifike. Lachie hakukonyeza wala hakuharakisha. Akaendelea na uzee wake polepole, na kicheko kikaanza kupungua kama mvua iliyochoka.

Ndipo akakaa karibu na moto, akaupa mlango mgongo, akaanza kumenya kiazi cha chakula chake. Mwandishi aliandika kiazi kwa nia njema kabisa, maskini, hakuwa mtu wa kwetu, hakumjua yule bibi wa viazi. Mlango ukafunguka. Akaingia yule mwana aliyefukuzwa, akasimama nyuma ya baba yake bila neno. Nilimwona mama pembeni yangu machozi yanamtiririka, na nikajua ameshasahau alipo. Kabla sijamshika mkono, sauti ikamtoka.

"Yuko nyuma yako, Lachie!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka wakishikana mabega. Kijana aliyeigiza mwana akatazama sakafu. Bwana Strachan akaufungua mlango atoke.

Lachie hakutikisika. Kisu kilitulia pale pale juu ya kiazi. Akawaacha wacheke, akawaacha, mpaka kicheko chenyewe kikaona haya. Kisha, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya chini iliyotufikia hadi ghorofani.

"Najua. Nimemsikia tangu kwenye ngazi. Naogopa kugeuka."

Hakuna aliyekohoa, na huo ulikuwa mwezi wa pili, Glasgow, baridi kali na kila mtu ana mafua.

Halafu akageuka. Mimi niliyekula naye uji wa shayiri sufuria moja, nilimwona mtu nisiyemjua. Pazia liliposhuka watu wa viwandani wakainuka na kofia zao mkononi, wakapiga miguu mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Bwana Strachan alipiga makofi akiwa bado ameshika kitasa.

Kule nyuma ya jukwaa mama akamfuata Lachie, amejikunja kama mtoto aliyevunja sahani, akamuuliza kama amemharibia.

"Umenipa neno la kusema, mama. Mwandishi alikuwa amelisahau."

Mchezo ulikwenda mpaka kiangazi, ukaingia Edinburgh, ukashuka London, na huko watu wa sinema wakamchukua. Akapewa wafalme, mahakimu na wauaji, na kote alisifiwa.

Kisha Krismasi moja ilipokaribia akaja kwangu kuulizia gauni lake. Bwana Strachan alishangaa, akamwambia kwamba sasa yeye ni mtu mzito. Lachie akajibu kwamba uzito huo ndio uliofanya gauni lishonwe pana.

Siku hiyo mama alikuwa kitini pake. Jambazi akanyemelea, na mama akawawahi wote kupiga kelele kama kawaida. Lachie akaweka kisu chini, akainua macho kuelekea ghorofani.

"Najua," akasema, kwa sauti ile ile ya yule mzee. "Naogopa kugeuka."

Maneno yale yale yaliyowaliza, safari hii yaliwavunja mbavu. Mama alicheka mpaka mfuko ukamponyoka, na peremende zikawanyeshea waliokaa chini.