Mbegu Tatu Kutoka Mlimani

Mishi alirudi kutoka kisimani akakuta magazeti yake yamefunuliwa na mmea uliokuwa ndani umetoweka.

"Shangazi, majani yangu yako wapi?"

"Yale makavu?" Bi Mbodze hakuinua macho kwenye ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka. "Nimeyaroweka. Miyaa mikavu haisukiki, mwanangu, hukatika. Nawe tangu asubuhi wahangaika nayo, nikakuonea huruma."

Mmea ule Mishi aliuchuma mwenyewe Mlima Kenya, juu kabisa ambako miti hukoma na maji huganda usiku, katika likizo yake ya kwanza baada ya Uhuru. Haukuwa nyasi, wala haukuwa ndago yenye shina la pembe tatu, kwa kuwa shina lake lilikuwa la mviringo na kila kiua kilikuwa na magamba sita. Jamii yake aliijua. Lakini ndani ya jamii ile, ulikuwa wa kundi la Juncus au la Luzula? Nywele za ukingoni mwa majani, ambazo zingeamua, zilikuwa zimepukutika njiani, na kila tunda alilolifungua kwa sindano lilisagika likawa unga. Kesho angerudi chuoni Nairobi. Akiutaja sawasawa, mwalimu wake angempeleka tena mlimani. Akikosea, nafasi ingekuwa ya mwingine.

Alilikimbilia bakuli la maji ambamo mmea ulikuwa umeroweka. Tunda la mwisho lilikuwa limevimba, laini kana kwamba limechumwa sasa hivi. Alilichoma taratibu, likafunguka bila kuvunjika.

"Luzula!" alipiga kelele. "Juncus hujaa mbegu kama vumbi, Shangazi. Tunda hili lina tatu tu!"

"Tatu?" Bi Mbodze aliangua kicheko. "Safari yote ile, na baridi yote ile, kwa mbegu tatu? Ungeniambia ningekupa kunde kibaba kizima!"

"Umeniokoa, Shangazi. Lakini nakusihi, usiroweke tena kitu changu kabla ya kuniuliza."

"Haya, yamekwisha. Na sasa utaukaushaje hata kesho?"

Waliulaza mmea kati ya magazeti makavu na vibao viwili. Mishi alipotaka kutafuta mawe ya kuukandamiza, Bi Mbodze aliyakataa, akajikalisha mwenyewe juu ya vibao, ukili mapajani. Adhuhuri Mishi alimwomba akatazame chungu jikoni.

"Pika wewe leo," alijibu kwa fahari. "Mimi niko kazini."