Mkwe Aliyenishika Majini

Rémy, mume wa binti yangu Laure, alikuwa mwogeleaji wa kwenye simu. Hakuna aliyewahi kumwona akiogelea. Tulichoona ni picha. Rémy kando ya bwawa la hoteli, Rémy na miwani ya maji, Rémy amekunja mkono ili msuli uonekane, nao msuli umekataa kutoka. Anafanya kazi ya ofisini kwenye kampuni ya malori hapa Kolwezi, na kwa kukaa kitini mchana kutwa amejipatia tumbo la mama wa watoto sita.

Yalipotangazwa mashindano ya kuogelea Ziwa Nzilo, alijiandikisha siku ileile na kanisa zima likajua. Mimi nilijiandikisha kimya. Maji niliyajua tangu utoto, kwenye bwawa la watoto wa wafanyakazi wa mgodi, enzi baba yangu alipokuwa fundi. Rémy aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Mama mukwe anaenda kuoga," aliwaambia watu. "Mumupatie sabuni."

Sisi watu wa Kasai, mama na mkwewe hawana mchezo. Hawapeani mkono, hawaketi pamoja, na kugusana mwili ni aibu ya kuitia wazee. Aliyeshika ndiye mkosaji: analeta mbuzi na kitambaa, na haingii nyumbani kwa mwenzake mpaka yule aliyeshikwa akubali kumpokea mbuzi. Kwa hiyo niliuliza kwanza, nikaambiwa wanawake watatangulia, wanaume watafuata baadaye. Nikashukuru. Rafiki yangu Simone alikuwa amekwisha kuniambia kwamba kichupi cha kuogelea alichokivaa Rémy kingetosha kufunika nyanya mbili.

Siku hizo Laure alikuwa karibu kujifungua. Rémy alitaka mama yake aje kutoka Tenke kumwangalia mzazi na mtoto. Mimi nina binti mmoja tu, na nilitaka kuwa hapo. Jambo hilo lilikuwa halijaamuliwa, na nyumba ni ya Rémy.

Tuliingia majini wanawake tisa. Tulitakiwa kuzunguka pipa la buluu lililoelea mbali na kurudi. Maji ya kiangazi yalikuwa baridi na upepo ulikuwa ukiyainua, lakini nilipozunguka pipa mbele yangu hapakuwa na mtu. Nilifurahi, nakiri, kama msichana.

Ndipo nikasikia nyuma yangu kishindo cha mtu anayeyapiga maji kana kwamba yamemtukana. Ni Rémy. Wanaume walikuwa wameachiwa mapema, naye alikuwa ametoka ufukweni mbio, ili watu wamwone akiwapita wote, na kweli alikuwa amewapita. Akanipita na mimi. Nikageuza uso, maana mkwe hatazamwi. Nilipourudisha, hakuwapo.

Kisha mkono ukatokea, na sauti: "Mama!"

Mtumbwi wa kuokoa watu ulikuwa mbali, mvuvi wake akihangaika na wengine. Nilifikiri. Siwezi kusema sikufikiri. Nilimfikiria Laure akizaa mtoto wa marehemu. Nikamwendea, nikamshika kwapani, mwili kwa mwili, mimi na yeye na nyanya zake mbili. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alitapatapa kwa bidii kuliko alivyoogelea. Alinipiga teke, akanivuta nywele, akamwita mama yake wa Tenke. Nilimburuta mpaka mtumbwi ulipotukuta, wote wawili tukaning'inia ubavuni mwake, na mvuvi hakujua nani alikuwa amemshika nani.

Ufukweni watu walituzunguka. Mimi nilikuwa nahema. Rémy alitapika maji, akafuta mdomo, akaona simu zimeinuliwa kumpiga picha.

"Mama mukwe alikuwa anazama," akasema. "Njo mi nikamushika." Eti yeye ndiye aliyenishika mimi.

Wakampigia makofi! Wakambeba! Nilifungua kinywa, na Simone akanibana mkono.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Ukisema ni weye ulimushika, mbuzi iko ya kwako. Na yeye ataikatala mpaka lini? Hautaingia kwake, na Laure atazala na nani pembeni yake?"

Nikafunga kinywa. Sijawahi kumeza kitu kichungu namna ile.

Jumapili wazee walikaa uani kwangu. Kaka yangu Muamba ndiye aliyeongoza, mtu ambaye akisikia kesi ya mkwe husikia harufu ya nyama.

"Mukwe, ulimushika mama ya bibi yako?"

"Mi nilimushika, tata. Kama si vile, angekufa."

"Muzuri. Basi mwenye kushika analeta mbuzi."

Lo, ungemwona! Shujaa alikuwa amehesabu makofi, akasahau desturi ya kwao. Akaanza kugugumiza kwamba labda mama naye alimshika, kidogo tu, huku mkononi. Muamba akamuuliza kama anataka kubadilisha habari ambayo mji mzima umeiona kwenye simu. Rémy akainuka, akaenda kutafuta mbuzi. Jumamosi akaja na mbuzi na kitambaa, akapiga magoti vumbini, macho chini. Desturi inamkataza kunitazama usoni. Siku hiyo ilimfaa sana.

"Mama Tshibola," Muamba akaniuliza mbele ya watu wote, "ni kweli mukwe wako alikuponyesha?"

Laure alikuwa ameketi mlangoni, mikono juu ya tumbo. Alinikazia macho. Binti yule amenijua majini tangu nilipomfundisha kuelea.

"Kweli," nikasema. "Aksanti, mukwe wangu. Bila weye ningelikufa. Mbuzi nimeipokea. Na mtoto akizaliwa, mi njo nitamuogesha."

Hakuweza kukataa. Nani humkatalia mtu aliyepokea mbuzi wake?

Sasa niko nyumbani kwake. Mtoto ni wa kike, ana sauti. Wageni wanakuja kumwona, na Rémy huko sebuleni anawasimulia alivyoniokoa. Kila wiki mawimbi yanazidi kuwa makubwa na mimi nazidi kuwa mzito. Akifika mwisho anapaza sauti kuelekea chumbani:

"Si vile, mama?"

Laure anainamisha kichwa. Mimi naitika, "Kweli." Namdharau mtu huyu kuliko nilivyowahi kumdharau kiumbe yeyote, na naitika huku mjukuu wangu akiwa amelala mikononi mwangu.