Nyongeza Chini ya Wasalaam

Mwanamkuu alijifunza kuandika akiwa na miaka arobaini na tisa, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo hakuna karatasi iliyosalimika. Pampu ya kisima cha kijiji chao, upande wa Msimbu, ilikuwa imekufa tangu masika, na barua tatu za mwenyekiti hazikumleta fundi. Basi akaliandikia gazeti la vijijini lililotoka Kibaha. Kurasa mbili: salamu kwa mhariri, kwa mkewe, kwa watoto wake kama anao, kisha "maji ni shida", kisha Wasalaam.

Karatasi ikarudi imejaa wino mwekundu. Salamu zote zimekatwa. Chini kabisa, penye nyongeza aliyoiandika kwa kuwa nafasi ilibaki, mhariri amechora mshale mrefu unaopanda hadi juu ya ukurasa.

Kumkatia mtu salamu ni kumfungia mlango. Mwanamkuu akapanda mabasi mawili hadi Kibaha kumtolea uvivu.

Mhariri alikuwa bwana mwembamba wa Bukoba, jina lake Melkiori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu Bukoba hamsalimiani?"

"Tunasalimiana mno, na zako nimezipokea. Lakini fundi atasinzia kabla hajafika kisimani. Hebu nisomee hiyo nyongeza."

Akasoma: "Jirani yetu Biasha amejifungua njiani akitoka mtoni, mtoto tumemwogesha kwa maji ya ndoo ile ile aliyojitwika."

Alipomaliza, machozi yalimlengalenga kwa maneno yake mwenyewe.

"Hapo sijagusa hata nukta," alisema Melkiori. "Anzia hapo. Huo mto uko mbali kiasi gani? Ndoo ya pili inafika nyumbani saa ngapi?"

Aliandika upya mara nne, na kila mara Melkiori alimrudishia maswali. Mara ya tano hayakuwapo. Gazeti lilipotoka, fundi alifika kabla ya mwezi kuisha, ukurasa ule umekunjwa mfukoni. Watu walimsifu Mwanamkuu. Yeye alimsifu aliyemchorea mshale, akasema hivyo mpaka akawachosha.

Mwaka uliofuata Biasha, naye sasa mwanafunzi wa darasa lile, alimletea barua aikague. Alikuwa akimwandikia mumewe, kibarua huko Mlandizi. Salamu zilijaza ukurasa. Chini ya Wasalaam, kwa herufi ndogo: "Nyongeza: mtoto ameanza kutembea."

Mwanamkuu hakukata salamu hata moja. Alichukua penseli, akachora mshale mrefu hadi juu.