Boksi la Tatu

Maharusi wengi wiki ya mwisho huogopa gauni kubana au mvua kunyesha. Phelister hakuogopa gauni wala mvua. Donda lake lilikuwa mzee mmoja tu, Onen, baba wa mchumba wake Okidi. Mzee huyo alikuwa amemwona akipiga gitaa la besi mara tatu, na mara zote tatu akasema hakumsikia.

Mara ya kwanza ilikuwa Nateete, kwenye ukumbi wa nyuma ya soko, ambako bendi ya Oyugi, kaka yake Phelister, hupiga benga kila Jumapili alasiri kwa Wakenya wanaofanya biashara mjini. Mzee alikaa meza ya mbele, mgongo wima, soda mkononi. Muziki ulipokwisha, Okidi, kwa kujidai, akamuuliza baba yake ameionaje besi ya Phelister.

"Nasikia drum," mzee akasema. "Nasikia gitaa. Nasikia huyu kijana naimba. Lakini besi ya huyu mtoto, mimi hapana sikia."

Kisha akavaa kofia, akampa Phelister mkono, akaenda zake akitabasamu. Tabasamu lile Phelister alilibeba mpaka nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Mara ya pili maneno yakawa yale yale. Mara ya tatu mzee aliongeza, "Hata kidogo!" na tabasamu likawa pana zaidi.

Lau angekuwa mtu asiyejua muziki, Phelister angemsamehe. Lakini Onen alikuwa ametumikia bendi ya polisi mpaka akastaafu, na kazi yake ilikuwa kupuliza lile tarumbeta kubwa la besi ambalo mpigaji hujivika begani, mdomo wake wa shaba ukakaa juu ya kichwa. Tarumbeta lake mwenyewe, kuukuu na lenye mabonde, alilinunua mnadani, na sasa lilikaa kona ya sebule. Mkewe Helen, sajini ambaye bado alikuwa kazini, na kwa sababu yake familia iliendelea kukaa kwenye nyumba za polisi Nsambya, alikuwa ameugeuza mdomo ule kuwa kapu la nguo zinazosubiri pasi.

Na kumuuliza mzee ana maana gani haikuwezekana. Kwao Phelister, mke wa mtoto hamhoji baba mkwe. Humsalimu kwa heshima, humwandalia, na akipita humwachia njia. Basi binti wa watu akameza maneno, nayo yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Sasa, Phelister hakuwa mtu wa kubahatisha. Siku za kazi aliuza viatu sokoni, na pesa alizozipata aliziweka kwenye sauti yake. Alikuwa na amplifaya nzuri, yenye nguvu, lakini nguvu bila boksi la spika linaloiafiki ni kelele tu. Alijaribu boksi lenye spika nne za inchi kumi. Sauti ikatoka wazi, kila noti na jina lake, ila chini ikawa nyembamba. Akajaribu lenye spika moja ya inchi kumi na tano. Tumbo likajaa, lakini noti zikawa kama maneno ya mtu mwenye uji mdomoni. Ndipo siku moja akayaunga mawili kwa pamoja, la kumi na tano chini, la kumi juu, akapiga uzi wa kwanza, akacheka peke yake mle stoo alimofanyia mazoezi, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Na hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mwisho wa uwezo wa mashine ile. Kila boksi lilikuwa na ukinzani wa om nane. Ukiyaunga mawili, amplifaya huona om nne, na nne ndiyo iliyoandikwa mgongoni mwake kuwa kikomo. Ongeza boksi jingine, ukinzani unashuka zaidi, umeme unafyonzwa kuliko mashine inavyoweza kutoa, inapata moto, inajizima. Phelister alilijua hilo kama alivyojua saizi ya mguu wa mteja kwa kumtupia jicho.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Siku mbili kabla ya harusi alikwenda Kisenyi, kwenye duka la Abdul-Karim, anayekodisha vyombo vya muziki, akaomba boksi kubwa kuliko yote. Abdul-Karim akamwonyesha moja lenye spika mbili za inchi kumi na nane, limemfika kifuani.

"Hii ni ya disko, dada," akasema akilipapasa. "Mashine yako inabeba?"

"Inabeba."

"Pamoja na yale mengine?"

"Aki Abdul-Karim, nimekuja kukodi ama nimekuja kufanya mtihani?"

"Haya. Wallahi ikizima, usiniletee machozi hapa."

Oyugi naye alipoliona boksi likiteremshwa kutoka kwenye pikapu, akashika kiuno. "Phelister, Jumamosi unaolewa. Huendi vitani."

"Nataka anisikie."

"Na kama hataki kukusikia? Utampigia mbuzi gitaa mpaka lini?"

"Umemwita baba mkwe wangu mbuzi?"

Oyugi akayarudisha maneno yake mfukoni haraka, akashika upande mmoja wa boksi, akasaidia kubeba.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa zuri, Nsambya yote ikanukia pilau na samaki wa kukaanga. Kanisani mambo yalikwenda salama, na mchana watu walikuwa wamejaa chini ya mahema, kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba ya Onen. Ndugu wa Phelister walikuwa wametoka Nateete na wengine Kenya, ng'ambo ya mpaka. Ndugu wa Okidi walikuwa wametoka kaskazini, Waacholi watupu, na wazee wa pande mbili waligundua kwamba nusu ya maneno yao yalifanana. Badala ya kufurahi wakaanza kubishana ni nani aliyemwibia mwenzake lugha. Ubishi ulipokolea ikabidi wagombane kwa Kiswahili ili waelewane vizuri, wakacheka mpaka meno ya bandia ya mzee mmoja yakaangukia kwenye bakuli la mboga za malakwang. Kwa sajini Helen furaha ilikuwa imepita kiasi. Aliwaamrisha wapishi kama yuko gwaride, kisha akawakumbatia.

Ndipo bibi harusi akainuka, akajivika gitaa la besi juu ya gauni jeupe. Vigelegele vilipaa. Okidi alisimama juu ya kiti kupiga picha, akashushwa na shangazi zake. Phelister akatazama meza ya mbele. Mzee Onen alikuwa pale pale, mgongo wima, soda mkononi. "Leo utanisikia," binti akasema moyoni, akaongeza sauti.

Wimbo ulianza. Loo! Lile boksi la tatu lilitoa mngurumo uliotikisa hema mpaka chupa za soda zikaanza kutembea zenyewe juu ya meza. Wageni walishangilia, na kwa dakika mbili Phelister alijiona malkia. Kisha akaona jambo. Wachezaji walikuwa wakitazama miguu yao. Kila mmoja alikuwa akikanyaga mahali pake, maana noti za besi zilikuwa zimevimba na kuingiana, hakuna aliyejua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Gitaa la Oyugi lilikuwa limezama humo, anapiga watu wanaona vidole tu. Zile spika nne za inchi kumi, zilizokuwa zikisema wazi, hazikupewa nafasi ya kusema neno.

Onen akaweka soda chini. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Sasa nasikia!" akapaza sauti kwa mkewe, na watu wa meza tatu wakamsikia. "Sasa hii nasikia sana!" Kisha akainuka, akaupa muziki mgongo, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango.

Phelister aliumia, na tusizunguke, aliumia sana. Siku ya harusi yake, mbele ya watu wake na wa mumewe, baba mkwe amemwondokea. Mwenye busara angepunguza sauti. Yeye alikuwa na hasira, na hasira haina busara, akasogea kwenye amplifaya akazungusha kitufe mpaka mwisho.

Taa nyekundu ikawaka. Maboksi yote matatu yakanyamaza kwa pamoja.

Ngoma na gitaa la Oyugi viliendelea, maana benga haikatwi njiani, lakini wimbo ulikuwa umebaki juu juu, bila sakafu. Wachezaji wakasitasita. Bibi harusi alisimama katikati ya uwanja, vidole vikipiga nyuzi zisizotoa sauti, machozi yakimchungulia, na akahisi kama Abdul-Karim anamtikisia kichwa kutoka Kisenyi.

Hapo mlango wa nyumba ukafunguliwa. Kilichotangulia kutoka kilikuwa mdomo wa shaba, mpana kama beseni, na ndani ya mdomo ule foronya, soksi na shati la kazi la sajini. Mzee akajivika tarumbeta begani, akavuta pumzi, akapuliza. Foronya ikaruka. Soksi zikafuata. "Nguo yangu!" Helen akapiga kelele, lakini hakuna aliyemjali, maana kutoka kwenye shaba ile ilitoka besi.

Haikuwa besi yoyote tu. Ilikuwa yake Phelister, noti kwa noti. Ilipanda pale alipopandia yeye, ikazunguka pale alipozungukia. Mwisho wa mzunguko Phelister akajiambia, hapa atakosea, maana hapo yeye hushuka noti tatu za haraka kisha huacha pigo moja tupu, kimya kabisa, kabla ya kuanza upya. Jambo hilo alilibuni mwenyewe stoo, hakumfundisha mtu, hata Oyugi halijui vizuri. Mzee akashuka noti tatu. Akaacha pigo moja tupu. Akaanza upya.

Miguu ya watu ikajua njia. Uwanja mzima ukaanguka mahali pamoja kwa wakati mmoja, puu, puu, wazee wa kaskazini na mama wa Nateete, na vumbi likapanda.

Phelister alisahau mila. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya baba mkwe, akamngoja amalize mzunguko, akamuuliza kwa sauti ya kulia, "Baba, si ulisema hukunisikia? Mara tatu ulisema!"

Onen akashusha tarumbeta, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ndiyo. Si nilikusifu?"

"Kunisifu?"

"Mtoto yangu, kwa bendi ya sisi, besi watu hapana sikia. Besi watu nakanyaga. Askari mia natembea, hakuna moja nasema, eh, besi iko mzuri. Lakini wewe kosa kidogo tu, wote naangukiana. Kama naisikia, ujue imeharibika." Akaelekeza kidole kwenye boksi la Abdul-Karim. "Leo nilisikia. Ndiyo nikaenda kuleta ile yako, maana hiyo hapana yako."

"Bambi, maskini!" Helen akasema, shati lake la kazi kifuani. "Yeye ni hivyo. Mwaka ile alinioa, kila siku anakula, mimi nauliza, chakula iko namna gani? Anasema, 'Sikuona kitu.' Nikalia mwaka mzima! Kumbe kwake kuona kitu ni kuona jiwe kwa maharage."

Phelister alicheka huku akilia, hata hakujua kipi kilianza. Mara tatu mzee yule alikuwa amempa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na mara tatu yeye alikuwa ameipeleka nyumbani kama tusi. Na mtu asiyemsikia alikuwa ameishika kila noti yake, mpaka ile aliyoiacha bila kuipiga.

"Toa sanduku hiyo," mzee akaamuru, na Okidi na Oyugi wakalichomoa boksi la tatu, wakalisogeza kando. Nyanya yake Okidi, ambaye viti vya plastiki vilikuwa vimemchosha tangu asubuhi, akakaa juu yake, akatangaza kwamba hatimaye amepata kiti. Amplifaya ikaachwa ipoe, ikawashwa na maboksi yake mawili, la kumi juu na la kumi na tano chini. Phelister akagusa uzi wa kwanza. Sauti ikatoka nzima, na tumbo lake na maneno yake.

Wimbo ukaanza tena, shaba na nyuzi zikipita njia moja. Chupa zilitulia mezani. Hakuna aliyegeuka kutazama spika, hakuna aliyesema lolote kuhusu besi. Watu walicheza tu, Helen mbele yao na soksi mkononi. Phelister alimtazama mzee aliyekuwa akizunguka na tarumbeta lake, magoti yakipanda kama yuko gwaride, jasho likimtoka, akamwita kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Baba! Unanisikia?"

Mzee hakuweza kujibu, mdomo wake ulikuwa kazini. Akapanda naye, akazunguka naye, akashuka naye zile noti tatu, na lilipofika lile pigo tupu akaondoa mdomo kwenye shaba.

"Hata kidogo!" akapaza sauti, na wote wawili wakaanza upya pamoja.