Neno la Lango la Pili

Kwa siku ishirini na nane Esther alikuwa na jambo moja kifuani, na likamnyima raha. Kibandani kwake Mlandege, mjini Iringa, anakotengeneza simu, alizifungua skrubu kisha akasahau ni za simu ya nani.

Jambo lenyewe lilikuwa aibu tupu. Malango ya mfereji wa mpunga kwao Rujewa yalikuwa yamewekewa mitambo mipya: mlinzi anatuma neno la siri kwa ujumbe wa simu, lango linafunguka. Namba ya simu ya kila lango imeandikwa kwa rangi kwenye chuma, peupe. Neno la lango la kwanza mlinzi aliweka jina lake mwenyewe, Kulwa. Na la pili, ili mwizi asihangaike, jina la pacha wake, Doto! Esther aligundua akiwa likizo, akamwarifu Lusekelo, fundi wa kampuni kule Mbeya, akaahidi kunyamaza mpaka warekebishe.

Ahadi ile ikamtesa. Kuna mtu alikuwa akiiba maji, na shamba la baba yake, mzee Bujiku, liko mwisho wa mfereji. Kila siku mzee alipiga: mpunga unakuwa njano, wewe unajua kitu, sema. Akisema, kila mwenye simu atajifungulia, na jirani yao Paskalina, mjane, atakosa hata zamu yake. Asiposema, mwizi anaendelea kujinywea.

Leo saa nne asubuhi Lusekelo akapiga.

"Dada, tumemaliza. Kulwa mwenyewe kabadilisha, malango yote mawili. Kaweka neno gumu, sisi Wanyakyusa hata maana yake hatuijui."

Esther akashusha pumzi, na furaha ikamponza. Akampigia baba yake, akamwaga yote, Kulwa na Doto, maana sasa ni mambo ya jana.

Mzee akacheka sana. "Kabadilisha Kulwa mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

"Mwanangu, Iringa imekusahaulisha Usukuma. Wakishazaliwa Kulwa na Doto, anayefuata anaitwa nani?"

Jina likamjia Esther: Shija. Bonde zima limejaa Wasukuma, nyumba kwa nyumba, nani asiyelijua?

"Baba, usitume! Leo zamu ya mama Paskalina!"

"Kidogo tu."

Simu ikakatika. Esther akapiga, ikaita weee. Mzee alipopokea ilibidi apaze sauti, maana nyuma yake maji yalikuwa yakinguruma.